Kioo Kilichokataa Vidole Vyangu

Siku niliyoondoka kwenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua, somo yangu alinibebea mkoba hadi kwenye geti la karakana. Akaniambia, "Nenda salama, somo. Kompyuta yako hakuna atakayeigusa. Mtu akiisogelea tu, nitamkalia kooni."

Nikacheka, kwa sababu somo yangu ni mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Hata akimkalia nzi kooni, nzi ataendelea kuimba. Lakini niliondoka nimetulia. Nilijua nimeacha kazi yangu mikononi mwa mtu.

Tunaitana somo kwa sababu jina letu ni moja. Asubuhi tuliyoajiriwa, msimamizi wa wakati ule alisimama mlangoni akaita jina hilo, tukaitika wawili kwa pamoja, tukatazamana na kuangua kicheko. Hatukuachana tena. Watoto wake wananiita mama mdogo. Na huyo binti yangu aliyejifungua, somo ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo vya sare, mimi nikiwa zamu ya mchana na siwezi kutoka.

Karakana yetu ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Tunadarizi mashuka, vitambaa vya meza, foronya, na majina kwenye sare za watu wa kazi. Zamani tulidarizi kwa mkono. Kisha ikaja mashine. Mchoro unachorwa kwanza kwenye kompyuta, sindano kwa sindano, unabebwa kwenye flashi hadi kwenye mashine, na mashine inashona ilichoambiwa. Ikiambiwa upuuzi, inashona upuuzi, tena kwa bidii.

Mchoraji nilikuwa mimi. Shule yangu ni ndogo. Nasoma polepole, naandika barua ya salamu na ya pole. Lakini walipoleta kompyuta na kutuita mmoja mmoja tujaribu, nilikishika kipanya, mkono ukalala mezani kama unavyolala juu ya kitambaa, na ule mshale mwembamba ukaenda nilikoutaka. Wenzangu walikikimbiza huku na huku kama wanafukuza panya wa kweli. Tangu siku hiyo nikaitwa Bibi Kipanya, hata kabla sijapata mjukuu.

Nilivipanga vitu vyangu juu ya uso wa ile kompyuta kama ninavyopanga jikoni. Wanyama kushoto, maua kulia, herufi chini, na vile ambavyo havijaisha nimeviweka katikati ili visinisahau. Sikuhitaji kusoma majina. Mkono ulijua njia.

Wakati naondoka, katikati palikuwa na tembo. Alikuwa wa hospitali. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alikuwa amekuja mwenyewe, amesimama kwenye meza yangu na viatu vyake vyeupe, akaniambia watoto wanagombania mito. Mto ukienda kufuliwa na kurudi, mtoto analia kwamba si wake. Akataka kila foronya iwe na mnyama wake, ili hata asiyejua kusoma ajue mto wake. Sijui kama aliona nilivyofurahi. Nilimchorea twiga, kobe, bata, pundamilia na sungura. Tembo nilimwacha hana masikio.

"Huyo tembo usimcheleweshe," muuguzi alikuwa ameniambia. "Kuna msichana mmoja wodini, kila nikipita ananiuliza kama tembo wake ameshazaliwa."

"Mwambie anasubiri masikio tu," nilimjibu.

Niliporudi nilikuwa nimemletea somo kitambaa cha kichwa cha njano, ile njano ya kiini cha yai ambayo anaipenda. Nilimkuta getini. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu, macho yakamjaa machozi.

"Nini tena, somo? Kitambaa tu."

"Umenikumbuka," akasema.

Nikadhani ni furaha.

Nikaingia ndani. Meza yangu ilikuwa ileile, lakini juu yake kompyuta yangu haikuwepo. Palisimama kioo kikubwa cheusi, kipana kama sinia la kubebea vikombe vya wageni wengi. Hakuna vitufe vya kuandikia, hakuna kipanya. Nilishtuka kidogo, lakini nikajiambia, hata vitu vipya huletwa kwa nia njema. Nikafanya ninachofanya kila asubuhi tangu nikabidhiwe meza ile. Nikalowesha kitambaa changu, nikakikamua, nikaanza kufuta vumbi.

Kioo kikawaka. Nikaendelea kufuta. Nikaona twiga anatokea, halafu shingo yake inaenda upande, halafu mistari inakatiza juu yake kama mtu amemchapa viboko, halafu twiga akaondoka kabisa na bata akaja kichwa chini.

"Usiguse," somo alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake. "Acha, acha, unaharibu."

Wale wa mashine wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja wao alikuja akanitoa kitambaa mkononi polepole, akanipigapiga begani. Nami nikacheka nao. Kisha nikanyoosha kidole nimrudishe bata miguu chini. Nikagusa. Bata hakutikisika. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikajaribu kidole cha pili, cha tatu, gumba. Kioo kilikuwa kimelitambua tambara langu, lakini mimi hakikunitambua.

Somo akanyoosha mkono wake kando yangu. Kwa kidole kimoja tu, kile cha shahada, alimgusa bata, na bata akageuka kama mtoto anayeitwa na mama yake.

"Ni rahisi," akasema, bila kunitazama.

Msimamizi wetu wa sasa ni mwanamke kijana, mpole, wa rika la binti yangu. Alitoka ofisini akinichangamkia. "Bibi Kipanya, karibu tena. Hongera ya mjukuu. Umeionaje?"

"Nzuri, mwanangu. Ya kwangu iko wapi?"

Akashangaa. "Si ilichukuliwa na waliotuuzia hii. Ilikuwa nzito, inazima ovyo. Mimi nilifikiri tuiache kando kwanza mpaka utakaporudi, lakini somo yako akatuambia alikupigia simu, ukasema ni sawa, hakuna haja ya kubaki na zote mbili."

Nikamgeukia somo yangu anisaidie. Alikuwa anakifunga kile kitambaa cha njano kichwani, anakaza fundo ambalo lilikuwa limeshakaza.

Simu hiyo haikupigwa. Ningeikumbuka, nilipokuwa kwa binti yangu nilizihesabu kama baraka simu zote zilizoingia. Lakini wenzetu walikuwa wanatusikiliza, na nilimwona somo shingo imemwingia mabegani. Nikasema, "Labda nimesahau." Mtu wa umri wangu akisema amesahau, hakuna anayembishia.

Wakati wa chai tulikaa kwenye ngazi za nyuma kama kawaida yetu.

"Somo, ulinipigia lini?"

"Mtandao ulikuwa mbaya."

"Kwa hiyo hukunipigia."

"Wangeibadilisha tu, somo. Nilikuokolea usumbufu. Na wewe si mtu wa kubisha, nilijua ungekubali." Akanimegea mkate wake, kipande kikubwa kuliko alichobaki nacho. "Utazoea. Ukikwama mimi nipo."

Nikaula ule mkate. Nikamwamini, kwa sababu kutomwamini kungekuwa kazi kubwa kuliko nguvu nilizokuwa nazo asubuhi ile.

Nilijaribu kuzoea, Mungu anajua. Vidole vyangu vimechomwa na sindano na pasi tangu ujana. Ngozi ya nchani imekauka na kuwa ngumu kama soli, na fundi wa simu mtaani kwetu aliniambia vioo vya namna hii havipendi ngozi kavu. Jioni nilimwonyesha mume wangu, ambaye watoto wa mtaa wanamwita Babu Redio kwa vile hazimi redio hata akilala.

"Vidole vyako vina kosa gani?" akaniuliza.

"Kioo hakivioni."

Akavishika, akavigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi naviona," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Somo alikuwa na mbinu. Aliniwekea kibakuli cha maji kando ya kioo, na kila asubuhi alikibadilisha maji yawe safi, bila hata kuambiwa. Nikichovya kidole, kioo kilinisikia. Lakini maji yalichuruzika, na kila tone lilichora lilichotaka lenyewe. Tembo wangu alipata madoadoa ambayo hakuyaomba. Na mkono, ambao zamani ulikuwa unalala mezani, sasa ulibaki unaning'inia hewani kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Kabla ya mchana bega lilikuwa linawaka moto. Msimamizi aliona, akaniletea mto mdogo wa kuegemeza kiwiko. Ni mtoto mwenye huruma.

Siku hiyo ya mto ndipo tulipozungumza sana.

"Bibi," akasema, "siku hizi dunia nzima inatumia kidole. Huyo mjukuu wako mchanga, kabla hajajua kusema mama, atakuwa anajua kugusa kioo."

"Atagusa kila kitu, mwanangu, halafu atakitia mdomoni. Nasi tumwige?"

Akacheka mpaka akaketi. "Lakini fikiria mtu mgeni. Haambiwi bofya mara mbili, haambiwi bofya kulia. Anaona kitu, anakigusa, basi. Si ndivyo tunavyofanya na vitu vyote?"

"Ndivyo. Na kwa mgeni ni vizuri, sikatai. Lakini tazama." Nikamwita karibu. Nikachovya kidole, nikakiweka pale jicho la tembo linapotakiwa kukaa. "Jicho ni sindano chache tu. Nionyeshe liko wapi."

"Liko chini ya kidole chako."

"Basi. Kidole kinaziba palepale ninapotaka kuona. Ule mshale ulikuwa mwembamba kama sindano. Wewe ungeshona kwa gumba?"

"Unaweza kumkuza akawa mkubwa."

"Nikimkuza napata jicho, nampoteza tembo. Halafu vitu vyangu vilikuwa na mahali pake. Wanyama kushoto, maua kulia. Sasa vyote vimepangwa kwa herufi, bata yuko na barakoa, twiga yuko na taulo. Kila nikitaka kitu, nasoma. Na mimi kusoma unajua."

"Nakuelewa, Bibi. Hata mimi ile ya ofisini sijaibadilisha." Aliona aibu aliposema hivyo. "Lakini ya hapa imeshaenda. Muuguzi mkuu anakuja mwisho wa wiki. Jaribu. Ikishindikana, tembo achorwe na somo yako, na wewe ukae kwenye nyuzi mpaka tuone."

Kwenye nyuzi ni kwenye kiti cha dirishani. Mashine ikimaliza kudarizi, inaacha vinyuzi vinaning'inia huku na huku, na mtu anakaa na mkasi mdogo kuvipunguza. Kilikuwa kiti cha somo yangu kwa muda wote ule niliokuwa mimi mchoraji. Nakijua vizuri, kwa sababu mikono yake ilianza kuuma zamani, viungo vikavimba, vidole vikajikunja, na mkasi ukawa unamtoka. Hakuwahi kumwambia msimamizi, aliogopa ataambiwa apumzike nyumbani. Kwa hiyo nikimaliza kuchora, nilikuwa nabaki nyuma kidogo kila siku, namalizia nyuzi zake. Hakuniomba, nami sikumwambia neno. Asubuhi alikuta rundo limekwisha, na mimi nilikuta chai yangu imeshamiminwa.

Kufika katikati ya wiki nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho cha dirishani, mkasi mkononi, na somo yangu amekaa kwenye changu. Kwa kweli alipendeza pale. Mkono wake usioweza kushika mkasi uliweza kunyoosha kidole, na kile kidole, laini kwa mafuta anayojipaka kwa ajili ya maumivu, kioo kilikipenda. Alikuwa anachora tembo wake. Ananyanyuka, anarudi nyuma, anaweka kichwa upande kama nilivyokuwa nafanya mimi. Nilijiambia, tazama, na yeye amepata kitu. Jambo likiwa baya kwangu na zuri kwake, basi nusu yake ni zuri. Nilijifariji hivyo, na nilikaribia kufarijika.

Siku iliyofuata akaja fundi wa mashine zetu, yuleyule aliyekifunga kioo. Mashine ya kudarizi ilikuwa inakata uzi, akaitwa aitazame. Ni mwanamume wa makamo mwenye utani mwingi. Anaingia mahali na maneno yanamtangulia. Nilikuwa nimesogea kwenye meza yangu ya zamani kuchukua miwani niliyoisahau, na nilipoona tembo wa somo jicho limekaa shavuni, nikachovya kidole kwenye kibakuli nijaribu kulisogeza.

"Bibi," fundi akasema, "unanawa kabla ya kula au unafanya kazi?"

"Nafanya kazi. Kioo chako kinataka nioge kwanza."

"Sasa unateseka kwa nini? Si uchomeke kipanya."

"Kipanya kilikwenda na kompyuta yake."

"Hakikwenda." Alikuwa ameinamia mashine, anafungua kifuniko, anasema bila kutazama. "Nilikiacha hapahapa makusudi. Hiki kioo kinakubali vyote viwili, kidole na kipanya. Hata ule uso wako wa zamani upo ndani, na vitu vyako nilivipanga vilevile, wanyama sijui kushoto, maua kulia. Unabonyeza pale pembeni tu unarudi. Nilimwonyesha huyu mama. Nikamwambia mwenzako akirudi mpe, asihangaike."

Huyu mama alikuwa somo yangu. Alikuwa amekaa, kidole chake kiko kwenye kioo, juu ya sikio la tembo. Hakukiondoa. Nadhani alisahau kwamba ana kidole. Na kwa kuwa hakukiondoa, sikio likawa linakua. Likampita tembo mgongo, likafika mkiani, likajaza kioo chote, likaendelea.

Fundi akainua kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakosa utani. Akachukua bisibisi yake, akasema anakwenda kutafuta mafuta ya mashine. Mafuta yalikuwa miguuni pake.

Somo akainama chini ya meza, akavuta kapu lake la nyuzi. Akatoa vibunda vya nyekundu, vya buluu, vya kijani, akaviweka pembeni taratibu. Chini kabisa akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka jeupe. Hata kabla hajakifungua nilikitambua umbo lake. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri, na kitambaa kilikuwa safi. Alikuwa amekifuta. Hapakuwa na vumbi hata kwenye zile nafasi ndogo za vitufe, ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuzimaliza.

"Nilikuwa nitakupa," akasema.

"Lini?"

Akaunyoosha waya, akaukunja tena.

"Nimechovya vidole kwenye kibakuli chako siku zote hizi. Ulikuwa unanibadilishia maji."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Kapu liko miguuni pako."

"Ndiyo."

Tulikuwa tunanong'ona. Wale wa mashine walidhani tunapanga mambo ya nyumbani.

"Ungeniomba, somo," nikamwambia. "Ungesema tu, nataka na mimi nichore. Ningenyanyuka muda huohuo."

"Najua ungenyanyuka." Sasa aliniangalia, na macho yake yalikuwa makavu kuliko nilivyotegemea. "Ndiyo maana sikukuomba. Ungenipa, halafu kila mtu angesema, tazama Bibi Kipanya alivyo na roho nzuri, amempa mwenzake kiti. Ningekikalia lakini kingekuwa bado chako. Kama vile nyuzi."

"Nyuzi gani?"

"Unadhani sijui nani alikuwa anazimaliza? Kila asubuhi naliona rundo limekwisha. Kila asubuhi. Hujawahi kuniuliza kama nataka." Akakunja ule mkono wake mapajani. "Nilitaka mara moja tu muuguzi aingie na viatu vyake vile, aje kwangu. Aniulize mimi. Basi."

Nilitaka kumwambia neno la hasira na sikulipata. Nilitaka pia kumwambia nimemsamehe, na hilo nalo sikulipata, ingawa nilitafuta. Kumnyang'anya mtu kompyuta ni jambo moja. Nilishakubali kwamba vitu vinapitwa na wakati. Hata mimi nitapitwa. Lakini kile kioo hakikuwa kimenikataa. Kilikuwa na mahali pangu ndani yake muda wote, wanyama kushoto, maua kulia. Aliyeufunga mlango ni mtu niliyeitikia naye jina moja.

Nikamwambia, "Nipishe kidogo."

Akanipisha.

Nikachomeka kipanya. Nikabonyeza pembeni pale fundi alipoonyesha. Uso wangu wa zamani ukatokea, na katikati alikuwepo tembo wangu wa awali, hana masikio wala madoadoa, anasubiri kama nilivyomwacha. Mkono ukalala mezani. Bega likashuka. Nikamchorea sikio moja, kisha la pili, kisha nikamwekea jicho, sindano baada ya sindano, na sikuona kidole changu popote. Kazi ilikwenda vizuri sana, na sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa nasikia somo yangu anapumua nyuma yangu.

Msimamizi alitoka ofisini akaona. "Haa, kipanya kimetoka wapi?"

Somo alishika fundo la kile kitambaa cha njano.

"Kilikuwa kwenye nyuzi," nikasema.

Haukuwa uongo. Msimamizi akafurahi, akasema basi mambo yamekuwa mazuri, asubuhi achore mmoja kwa kidole, mchana achore mwingine kwa kipanya, hakuna wa kumfukuza mwenzake. Kwa nini hakujua mapema, akajiuliza. Alimpenda hata yule tembo wa sikio kubwa. Akasema akipunguzwa kidogo atafaa kwenye mapazia ya wodi.

Muuguzi mkuu alipokuja, nilikuwa dirishani kwa makusudi. Nilimwacha somo ampokee. Niliona muuguzi anaichukua foronya ya tembo, anaiweka shavuni, anacheka. Niliona anamwuliza somo kitu, na somo anajibu huku akinyoosha mkono kuonyesha kwangu. Sikusikia alichosema. Huenda alisema kweli. Zamani nisingehitaji kusikia.

Sasa tunafanya kazi hivyo, asubuhi yeye, mchana mimi. Kioo nimejifunza kukizima kabla ya kukifuta. Nikikaa nakuta kiti kina joto lake, na kipanya kiko mahali pake upande wa kulia, waya umekunjwa. Kibakuli cha maji kimeondolewa. Chai yangu bado anaimimina, na mimi bado naipokea kwa shukrani, maana chai haina kosa.

"Umeamkaje, somo?" ananiuliza kila asubuhi pale getini.

"Salama, dada," namjibu.

Mara ya kwanza nilipomwita hivyo alisimama. Dada ni neno zuri, halina tusi ndani yake. Hata muuza mkate namwita dada. Alisimama tu, mkono kwenye geti, kisha akaingia ndani.

Jana jioni wote walikuwa wameshatoka. Kwenye kiti cha dirishani palikuwa na rundo la foronya, nyuzi zake nusu zimekatwa na nusu zinaning'inia, na mkasi umeachwa juu kwa namna mtu anavyouacha mkono unapokataa. Nilikuwa nimeshabeba mkoba wangu. Nikasimama pale mlangoni. Nikakumbuka alivyoniambia kwamba sikuwahi kumwuliza kama anataka.

Nikatoka nje, nikamkuta getini anajifunga viatu.

"Dada, zile nyuzi nikumalizie?"

Akautazama mkono wake, akaufunga na kuufungua.

"Nimalizie," akasema. Kisha akasema, polepole sana, "Asante, somo," akangoja.

Nikarudi ndani nikazimaliza zote, mpaka foronya ya mwisho. Lile neno alilokuwa analingoja sikuwa nalo.